Haleluya ya Kidole Gumba

Mtu aliyeokoka hapa Kisenge hatukani. Akijikwaa anasema haleluya, akiibiwa kuku anasema Bwana asifiwe, na mkwewe akifika na mizigo ya mwezi mzima bila taarifa anasema Mungu ni mwema. Maneno ni masafi kabisa. Sauti ndiyo haijabatizwa.

Papa Shemasi alikuwa nje akikaza misumari ya benchi la kanisa, sisi tuko ndani kwenye maombi. Nyundo ikaukosa msumari, ikakipata kidole gumba. "Haleluyaaa!" Kwa namna lilivyotoka neno lile, mbuzi waliolala kivulini walitawanyika. Ndani, Baba Pasta akaitikia "Amina!" kwa furaha, maana alikuwa anaomba moto ushuke, na sasa umeshuka. Wimbo ukaanzishwa, ngoma zikaingia, mama mmoja akatoka mbio kwenda kumkumbatia aliyeguswa na Roho. Akamkuta amechuchumaa, kidole mdomoni, machozi yanamtiririka. Machozi nayo yakahesabiwa kuwa ya toba. Hadi leo Papa Shemasi hajapata nafasi ya kueleza.

Yakobo alishatuonya, katika sura ya tatu ya waraka wake, kwamba binadamu amefuga wanyama wa kila aina ila ulimi umemshinda. Naye hakuwahi kuanika nguo kando ya barabara yetu wakati wa kiangazi. Mama Kwaya aliwahi. Mavazi meupe ya waimbaji wote yalikuwa kwenye kamba Jumamosi jioni, lori likapita kasi, vumbi jekundu likashuka taratibu juu ya kazi yote ile. Lori lilipokwama shimoni mbele kidogo, Mama alilifuata kwa mwendo wa heshima, akasimama mlangoni kwa dereva, akasema polepole: "Mungu akubariki, mwanangu."

Dereva akazima injini, akashuka. "Mama, nisamehe. Baraka hiyo naiogopa." Akatoa pesa ya sabuni bila kuombwa.

Lakini mtihani mkubwa wa Kisenge ni kungoja. Mji huu ulikua kwa manganizi, na manganizi yalisafiri kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito. Vita vya Angola vilipoifunga njia hiyo mwaka 1975, madini yakakaa kungoja, nasi tukakaa nayo. Ukitaka kujua imani ya mtu, usimsikilize akihubiri. Mkalishe akisubiri treni ya kwenda Kolwezi. Katika kungoja huko ndiko nilikogundua kwamba wacha Mungu wetu ni watakatifu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, lakini lawama wanazihamishia kwenye Kichokwe, kana kwamba mbinguni hakuna anayekielewa. Bwana mmoja mwenye tai aliitukana treni na ukoo wake wote kwa Kichokwe, huku anamtabasamia Mama Pasta. Mama Pasta ni mzaliwa wa Dilolo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole kwamba tusi la tatu halitamkwi vile.

Wazee wa Kolwezi walikuwa na shule ngumu zaidi. Huko, katika miaka ya 1950, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha Jamaa: Wakatoliki wa kambi za migodi, mume na mke pamoja, wakiitana baba na mama, wakipokea mafundisho kwa Kiswahili juu ya mapendo na umoja. Yaani imani ikapimwe nyumbani, bukari ikiwa imeungua na watu wana njaa. Mimi naona hapo ndipo penyewe. Kwa mgeni hata mwizi husema vizuri.

Ila haleluya ya kidole gumba sina ugomvi nayo. Ilimuumiza nani, zaidi ya mbuzi? Ninayoiogopa ni sauti laini ya maombi ya Jumatano: "Wapendwa, tumkumbuke binti wa jirani yetu. Sisemi mengi, wenyewe mmeona gauni linavyombana." Macho yote yamefumbwa, masikio yote yako wazi. Kabla ya Amina habari imeshafika sokoni, imekaa kati ya sombe na makala, na ina jina la mwanamume. Binti mwenyewe alikuwa ametoka likizo kwa shangazi anayejua kupika, basi.

Kuhani Zakaria alilitilia shaka neno la malaika mara moja tu, akawa bubu mpaka siku mwanawe Yohana alipopewa jina. Dawa hiyo ikigawiwa hapa Jumatano moja, kwaya itabaki na mpiga ngoma.

Basi wapendwa, Jumatano hii tukiulizwa nani aombewe, kila mtu ataje jina lake.