Punguza Kidogo, Bwana

Mwaka 1951, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza wanavuta sigara kiasi gani. Wapatao 40,000 wakajibu. Kilichobaki ni kungoja nani anakufa, na kwa nini.

Mwaka 1954 Waziri wa Afya, Iain Macleod, akawatangazia waandishi wa habari kwamba sigara na saratani ya mapafu ni ndugu, huku mwenyewe akiwasha moja baada ya nyingine. Mwananchi ashike lipi, neno au moshi, na vyote vimetoka kinywa kimoja?

Madaktari, walipoona wenzao wanazikwa, waliacha kwa wingi. Ghafla ushauri wao ukapata makali. Kabla ya hapo, “punguza kidogo” ilimaanisha: usinizidi mimi.