Tulegeze Mkanda Lini? Barua ya Wazi kwa Hazina

Mkulima wa kahawa na mahindi,
Iyula, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Dodoma.

YAH: OMBI LA TANGAZO RASMI LA KULEGEZA MKANDA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka 1979, majeshi yetu yalipokwisha kumtimua Idi Amin, Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Vita ilikuwa imekomba hazina, mafuta yamepanda bei, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa tangu 1977. Tukafunga. Sisi wa Mbozi hatukukosa ugali, nisiseme uongo. Watu wa Dar es Salaam ndio waliokula unga wa njano wa msaada wakaupa jina la Yanga. Sisi tulikosa sabuni. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na aliyebahatika kupata mche kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, aliukata kwa uzi vipande vya ukubwa wa kidole na kuvificha chini ya mto.

Shida yangu ni kwamba tangazo la kufunga lilitoka, la kulegeza sijalisikia. Redio ninayo. Kwa kalenda ya ukutani miezi hiyo ilikwisha zamani, lakini mimi si mchumi. Huenda miezi ya Hazina ina siku nyingi.

Ninachokumbuka ni kwamba kila tulipokaribia kupumua, tundu jipya lilitobolewa. Bajeti ya 1984 iliondoa ruzuku ya sembe. Mwaka 1986 Mzee Mwinyi akapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, lilelile ambalo Mwalimu alilikatalia masharti hata waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Dola iliyokuwa shilingi kama 17 ikapita 40 mwaka huohuo. Bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, na wakubwa wa shirika hilo kule Washington wakaelekeza kwamba serikali ipunguze matumizi. Nilidhani watapunguza magari. Walipunguza mbolea.

Hapa nifafanue, maana wataalamu wako wengi walikuwa hawajazaliwa. Zamani mahindi yalikuwa na bei moja nchi nzima. Gunia la Iyula na gunia la Morogoro yalilipwa sawasawa na Shirika la Usagishaji la Taifa, na nauli ya lori ilikuwa shauri la serikali. Washington wakasema huo ni ubadhirifu, na kwa vitabu vya hesabu hawakukosea: shirika lilikuwa limezama kwenye madeni. Basi bei moja ikafa, na ruzuku ya mbolea ikaifuata kaburini miaka ya mwanzo ya 1990. Tukaambiwa soko huru linakuja. Likaja kweli, limepanda Fuso, na magunia yake mkononi. Mnunuzi hujaza gunia, hupanda juu yake, hulikanyaga, huongeza debe, halafu hulishonea kilemba cha kamba na kulipa gunia moja. Lumbesa hiyo, Mheshimiwa, ndiyo iliyowasaidia kushusha mfumuko wa bei.

Sifanyi mzaha. Katika kapu la bidhaa linalopimwa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, fungu kubwa kuliko yote ni chakula. Chakula kikishuka bei, mfumuko nao hushuka, na Gavana wa Benki Kuu hupongezwa. Ila chakula hicho ni mazao yangu. Mwaka 2017 Serikali ilipopiga marufuku kupeleka mahindi nje, sisi tulikuwa hapa jirani na Tunduma, wateja tunawaona kwa macho upande wa pili wa geti la mpaka. Bei ikaporomoka. Mjini walishukuru. Najua mtu wa Manzese, Dar es Salaam, naye ana watoto, wale washibe. Nauliza tu ni lini ruzuku ya ugali wake ilihamishwa kutoka Hazina ikaletwa kwangu, na hati ya makabidhiano iko wapi.

Mengine nayapita haraka. Kuanzia 1993 tulichangia matibabu, na mjamzito akaenda kujifungua na wembe wake na glavu zake. Shule ya msingi ikawa na ada hadi ilipofutwa 2001. Kahawa ikilipwa vibaya, ilijulikana nani atabaki nyumbani, na mara nyingi hakuwa mvulana. Kodi ya maendeleo ilikusanywa na mgambo alfajiri, wanaume wakawa wanalala kwenye mibuni mpaka ilipofutwa 2003. Enzi za Mzee Mkapa mfumuko ulishuka chini ya asilimia 10, watumishi makumi ya maelfu wakapunguzwa kazini, na vijana wakauita ukata wao ukapa. Hayati Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za 2015, nikapiga makofi. Kisha vyuma vikakaza, nikaacha. Mwaka 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, na mwanangu aliye Tunduma aliponitumia hela ya chumvi, Hazina ilionja kwanza.

Ruzuku ya mbolea ilirudi 2022. Kwa hilo nashukuru, na hapo sina kejeli.

Sasa nasikia mfumuko ni asilimia kama tatu tu, na kwamba tangu Januari 2024 Benki Kuu inauongoza kwa riba yake, iliyoanza na asilimia 5.5. Hongereni sana. Riba hiyo nimeitafuta kwa wanaotukopesha huku, wanasema bado haijafika.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Tangazo litoke, hata la sekunde chache, kabla ya taarifa ya habari. Na siku mtakapolazimika kufunga tena, maana mafuta hayaishi kupanda, mwanze na viuno vyenye nyama. Sisi tuliobaki tunaweza kuwashikia mkanda.

Majibu yapitie ofisi ya kata. Kama kuna gharama za kuchangia, nijulishwe kabla ya mavuno. Baada ya mavuno, bei huwa imeshadhibitiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima.

Nakala: Shirika la Fedha la Kimataifa, Washington (kwa taarifa, wasitume mtaalamu).