Sifa za Mbishi wa Drafti

Wanariadha wana wa kuwasifu, na majaji wana majoho yao. Mimi leo namvulia kofia mbishi wa drafti, yule wa kijiweni jirani na Soko la Kilombero, Arusha, ambaye kwa mdomo wake mchezo wa dakika kumi humalizika baada ya adhana mbili.

Nianze na ukoo wake, maana mbishi huyu hakuzaliwa popote tu. Arusha ni mji wa sheria. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa tarehe 30 Novemba 1999. Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapa, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapa. Huko wasomi hubishania ibara moja miezi na miaka. Kijiweni hukumu hutoka kabla chai haijapoa, na rufaa hukatwa papo hapo, bila ada.

Na kesi zetu si ndogo. Je, kula ni lazima? Aliyeacha kula arudishwe akale, au kete yake iondolewe? Kingi avuke ubao mzima, au asogee nyumba mojamoja? Kete ya kawaida iruhusiwe kula kurudi nyuma? Refa hayupo, kitabu hakipo. Kuna ubao wa plaiwudi na vizibo vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Katiba yote imo katika neno moja: "kwetu". Kwetu Tanga hatuchezi hivyo. Kwetu Mwanza, aliyeacha kula ameliwa. Hapa ni Chuga, kaka, cheza.

Tazama adabu yake. Mzee ameshika kizibo, ameona mtego, amerudisha mkono taratibu. Chalii wa bodaboda, helmeti mapajani, anakohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee wangu, hiyo kete umeigusa."

"Nilikuwa naiweka sawa."

"Si ungesema kwanza, babu, ndipo uiguse?"

Hapo watazamaji wanagawanyika. Hawa wanaimba "gusa, cheza!" Wale wamekwisha kuwa mawakili: Julai hii, baridi inavyoshuka kutoka Meru, kidole cha mtu mzima kikitetemeka kikaangukia kizibo, kosa ni la kidole au la mlima? Ni mahakama gani imewahi kuletewa utetezi mtamu kama huo?

Wapo watakaosema ubishi unapoteza muda. Muda upi? Abiria hajaja. Watasema pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Kweli kabisa, na mbishi wetu hukubali kushindwa kila siku iendayo kwa Mungu. Anachotaka ni kuonyeshwa sheria iliyomshinda. Wengine watanikumbusha kwamba penye wengi pana mengi. Nami nitawajibu kwamba penye wengi hapaharibiki neno, kisha tutabishana methali ipi ina nguvu.

Kanuni ya kuhofia ni ile isiyobishaniwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikayalegeza masharti hayo. Waliolegeza ni wachezaji wenyewe, na ukumbini hapakuwa na chalii wa kukohoa na kusema, "Shikamoo wazee, hiyo kete mmeigusa." Hebu jaribu kubadili sheria ya kingi kijiweni, mchezo ukiwa katikati na wewe ndiye unayezidiwa. Muuza kahawa ataweka birika chini. Fundi viatu ataacha sindano katikati ya soli. Hata asiyejua drafti atakumbuka ulivyocheza jana.

Ndiyo maana nasema kelele zile ni ulinzi. Sheria isiyoandikwa popote haina ghala lingine ila midomo ya watu, na mdomo usiobisha husahau.

Basi ukipita Kilombero ukakuta watu wazima wanapigiana kelele juu ya kizibo cha soda, pita na salamu zako. Usijaribu kuwaamulia. Pande zote mbili zitaacha ugomvi wao, zikugeukie kwa pamoja na kukuuliza: kwani wewe kwenu wapi?