Malipo ya Kujuana
Anayeomba nafasi ya uanagenzi kwenye jarida la mitindo jijini New York huulizwa kwenye usaili kama ana uzoefu, ilhali ameomba ili aupate. Akipita, hukabidhiwa pasi ya mvuke na mifuko ya magauni ya kurudisha kwa wabunifu. Watetezi husema ujira wake ni kujuana na wakubwa. Haya, ila mwenye nyumba hapokei kodi ya kujuana. Mwaka 2013 wanagenzi wawili wa zamani waliishtaki kampuni ya majarida ya Condé Nast, wakidai walilipwa chini ya dola 1 kwa saa. Kampuni ikafuta mpango mzima wa wanagenzi, kisha 2014 ikakubali kulipa dola milioni 5.8 ili kumaliza kesi. Kumbe fedha zilikuwepo, zikimsubiri wakili tu.