Shemeji na Pembe Nne

Ukifika nyumbani kwa shemeji yangu mjini Edmonton, unavua viatu mlangoni kwa desturi ya Kanada, kisha unaelekezwa kwenye sinki ukanawe mikono. Usifurahi. Hakuna chakula kilichotengwa. Unanawishwa kwa sababu mazungumzo yakikolea utaonyeshwa kadi, na shemeji hauamini mkono wa mtu yeyote, hasa uliotoka kushika sambusa.

Mume huyu wa dada yangu alizaliwa Tanga, mji ambako barafu ni kitu cha kunyonya kutoka kwenye kifuko cha nailoni, si kitu cha kukimbilia juu yake ukiwa na gongo. Hoki ameikuta ukubwani. Lakini Edmonton ni mji wa Wayne Gretzky, nguli wa hoki. Sanamu yake imesimama nje ya uwanja, na mhamiaji anayetaka kuwa na la kusema kazini Jumatatu asubuhi hana budi kujifunza habari zake. Wengine tuliishia kutazama mechi. Shemeji aliishia kwenye karatasi.

Kwa ambaye hajaziona kadi za hoki, ni vikadi vya karatasi ngumu vinavyoenea kiganjani, picha ya mchezaji mbele, magoli yake nyuma. Zamani ziliuzwa kwenye pakiti pamoja na chingamu, watoto wakazinunua kwa senti. Kadi ya Gretzky ya mwaka wake wa kwanza katika ligi kuu, namba 18, ilitolewa msimu wa 1979-80 na O-Pee-Chee, kampuni ya peremende ya London. Siyo London ya Mfalme, ni ile ya jimbo la Ontario. Nakala yake ya daraja la 10, la juu kabisa, iliuzwa dola 465,000 za Marekani mwaka 2016. Desemba 2020 bei ikawa dola milioni 1.29, na Mei 2021 ikafika milioni 3.75.

Shemeji naye anayo namba 18. Picha ni ileile, kijana yuleyule mwembamba ndani ya jezi ya Edmonton Oilers. Aliinunua kwa bei ambayo dada yangu mpaka leo ametajiwa nusu yake. Tofauti kati ya kadi yake na ile ya mamilioni unaweza kuifunika kwa ukucha wa kidole cha mwisho.

Wapimaji wa kadi hutoa daraja kuanzia 1 hadi 10. Wanatazama pembe kama zimebaki kali. Wanatazama kingo kama zimechubuka, na kadi hii ya Gretzky ina pambizo la buluu ambalo likichubuka kidogo tu, weupe wa karatasi unachungulia. Wanatazama uso, wakitafuta mikwaruzo, madoa na mikunjo, ikiwemo ile isiyoonekana mpaka uinamishe kadi chini ya taa. Halafu wanapima kama picha imekaa katikati, na hapo mwenye kadi hana lake, maana kosa lilifanywa na mashine ya kukatia kabla yeye hajazaliwa.

Bei nayo haipandi kwa ngazi zinazolingana. Kutoka daraja la 3 kwenda la 4 unaongeza kidogo. Kutoka la 9 kwenda la 10 unaongeza nyumba. Mimi nikitazama 9 na 10 kwa macho yangu sioni kitu, basi siku moja shemeji alinipa lenzi ya sonara, nikaona kwenye pembe moja kijinyuzi cha karatasi kimechomoza. Nikamuuliza kama kile kijinyuzi ndicho chenye thamani ya nyumba. Akanijibu kwa upole kwamba chenye thamani ni kutokuwepo kwake.

Katika kumbukumbu za PSA, kampuni kubwa ya upimaji iliyoanzishwa California mwaka 1991, namba 18 za O-Pee-Chee zilizopewa daraja la 10 ni mbili tu. Nimelifikiria sana jambo hili na sijaacha kulionea ajabu. Kadi zilitengenezwa kwa ajili ya watoto, na zile zilizochezewa na watoto ndizo zisizo na bei. Kadi ya daraja la 10 ni vikombe vya kabatini, vile vya wageni rasmi ambao hawajafika, na hata wakifika wanatiliwa chai kwenye vya plastiki.

Watoto wa Kanada walizifunga kadi kwa raba bendi zilizokata kingo. Walizibana kwenye spoku za baiskeli kwa vibanio vya nguo ili gurudumu likizunguka lipige kelele za pikipiki. Walizirusha ukutani kushindana nani ya kwake itatua karibu zaidi. Wakati mwingine mtoto hakuwa na kosa lolote. Kuhusu kadi za Parkhurst za 1951-52, seti yenye kadi za mwanzo za Gordie Howe na Maurice Richard, wakusanyaji husimulia kwamba kiwandani zilichanganywa kwenye mashine ya zege kabla ya kutiwa kwenye pakiti. Yaani Maurice Richard, aliyewatetemesha walinda mlango wa ligi nzima, alifika dukani ameshapigwa.

Jirani wa shemeji na dada ni mzee mstaafu, Mkanada wa kuzaliwa, mcheshi. Aliposikia habari za shemeji alikuja na boksi la viatu ambalo halikufunguliwa tangu ujana wake. Ndani yake, chini ya picha za shule, alikuwemo Bobby Orr wa seti ya Topps ya 1966-67, kadi yake ya kwanza, ile yenye pambizo lililochorwa mithili ya runinga ya mbao. Shemeji alishika meza. Kisha akaigeuza kadi kwenye mwanga, akaona kwamba Orr amepewa masharubu kwa kalamu ya wino. Masharubu mazito, yaliyochongoka pembeni. Mzee alieleza kwamba Orr alichezea Boston, na yeye alikuwa mtoto wa Toronto.

“Bila masharubu ingekuwa kiasi gani?” akauliza.

Shemeji akataja kadirio. Mzee alikaa kimya, akaomba maji. Baada ya kunywa akasema kwamba, kusema kweli, masharubu yale yalimfurahisha sana wakati ule, akafunga boksi na kuondoka nalo.

Msiba wa shemeji mwenyewe uliletwa na mapenzi. Mama yetu alikuja kututembelea kiangazi kimoja, na Mama haelewani na vumbi. Shemeji alikuwa ameitoa namba 18 ili aiandae kwenda kupimwa, akaiacha juu ya dawati la chumba chake, juu ya kitambaa cha miwani. Mama aliingia na ufagio. Akaona kikadi kidogo chenye doa la kahawia kwa nyuma. Doa lile ni alama ya chingamu ya mwaka 1979, jambo la kawaida kwa kadi za pakiti, na linashusha daraja, lakini linashusha kwa adabu. Mama hakulijua hilo. Alichukua kitambaa cha maji, akatia tone la sabuni ya vyombo.

Shemeji aliporudi kutoka kazini alimkuta Gretzky uani kwenye kamba, amebanwa kwa vibanio viwili kati ya taulo na kanga, anapunga upepo.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, baba. Nimekufulia kile kipicha chako. Kilikuwa na doa sugu, mpaka nikatumia ndimu.”

Kwetu mkwe hamkaripii mama mkwe. Hata kumtazama sana usoni si vizuri. Nilikuwepo, nikaliona donge likimpanda kooni na kushuka. Kadi ilikuwa imevimba na kujikunja, pembe zimelainika, na vibanio vimeacha mashimo mawili juu ya kichwa cha mfungaji bora wa zama zake.

“Asante, Mama,” alisema. “Mungu akuweke.”

“Na huyu kijana ni nani? Ndugu wa rafiki yako?”

“Ni mchezaji, Mama.”

“Anakujua?”

“Hapana, Mama.”

Mama alimtazama kwa huruma niliyowahi kuiona akiwapa watu waliofiwa, akaenda kumpakulia wali. Usiku dada aliuliza hasara ni kiasi gani, na shemeji akamtajia nusu yake.

Kadi ilikwenda kupimwa hata hivyo. Ilirudi na daraja la 1, imezibwa ndani ya kasha gumu la plastiki ambalo kitambaa cha Mama hakiwezi tena kulipenya.

Kuna wanaodhani kwamba kumbe usafi ndio kila kitu. Shemeji alidhani hivyo pia, akanunua kwenye gereji ya mtu maboksi kwa maboksi ya kadi za 1990-91, Pro Set na Score na Upper Deck, pembe zote kali, uso unang'aa, hakuna mtoto aliyewahi kuzigusa. Tatizo ni kwamba miaka ile makampuni yalichapa bila breki, na kila mtu alinunua na kuhifadhi akisubiri utajiri. Vyumba vya chini vya nyumba za Kanada vimejaa utajiri huo mpaka leo. Mwenye duka la kadi alitazama maboksi, akamtazama shemeji, akamwomba kwa heshima asiyaache pale. Dada alichukua kadi kadhaa akazikunja chini ya mguu wa meza ya chakula, na meza imetulia kabisa. Ni faida pekee iliyopatikana.

Adimu hasa huwa na jeuri yake. Bert Corbeau wa seti ya William Paterson ya 1923-24 alichapwa kwa uchache mno, na kwa kadi ya namna hiyo mnunuzi hashiki lenzi kwanza. Anashika pochi. Pembe zikiwa zimeliwa, anashukuru kwamba katikati pamebaki.

Halafu kuna wanaolipa ili wasione kabisa. Mwaka 2024 katoni ya O-Pee-Chee ya 1979-80 ambayo haikuwahi kufunguliwa, iliyokutwa katika nyumba moja jimboni Saskatchewan, iliuzwa mnadani dola za Marekani milioni 3.72. Ndani mna maboksi 16, kila boksi pakiti 48, kila pakiti kadi 14. Kwa hesabu za seti ya kadi 396, huenda akina Gretzky wamo zaidi ya 25, na huenda kila mmoja amekatwa kombo. Anayetaka kujua lazima afungue, na akifungua hana tena katoni.

Gretzky mwenyewe hakusalimika na mambo haya. Mwaka 1991 yeye na Bruce McNall, mmiliki wa timu yake ya wakati huo, Los Angeles Kings, walinunua mnadani kwa dola 451,000 kadi ya besiboli ya Honus Wagner, maarufu kwa kingo zake safi zisizo za kawaida kwa umri wake. PSA iliipa daraja la 8. Mwaka 2013 mfanyabiashara wa kadi Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba kingo zile alizipunguza yeye. Kadi imebaki na mamilioni yake, kwa kuwa sasa ina kisa. Ya kwako ikipunguzwa kingo haitakuwa na kisa, itakuwa imeharibika tu.

Kwa hiyo wewe uliyeko Kanada na ukakutana na boksi la zamani, usifute kitu, usipige pasi, usinyooshe, usikate. Tia kila kadi kwenye kifuko laini kisha kwenye kava gumu, iweke mbali na jua na unyevu, na umweleze mapema kila anayefanya usafi nyumbani kwako. Na ukiletewa namba 18 ya O-Pee-Chee yenye kingo laini zilizonyooka kabisa, usitoe pesa haraka. Kadi zile zilikatwa kwa waya kiwandani, na kingo za halali zina manyoya.