Kitafaa Tu

Mlango wa stoo yetu ulikuwa haufunguki wote. Unasukuma, unafika nusu, unagota kwenye kitu. Basi unaingiza bega, halafu kichwa, halafu unapapasa gizani ukiomba Mungu usishike panya. Wewe mwenye familia unanielewa. Tumeishi hivyo miaka 11 hapa Tabata, mimi, Mama Neema na watoto watatu, na sikuwahi kuona kama ni jambo la kuitishia kikao.

Kikao kiliitishwa mwezi wa tano. Mama Neema yumo kwenye kikoba cha akina mama 18. Wanakutana kila Jumamosi nyumbani kwa mmoja wao, wananunua hisa, wanakopeshana, wanakunywa chai. Zamu yake ilibakiza wiki nne. Jumamosi hiyo walikuwa Segerea, kwa mwenzao aliyepaka sebule rangi ya kijivu na kushusha mapazia mpaka sakafuni, na mke wangu akarudi kimya. Alisimama katikati ya sebule, mkoba bado begani. Akaangalia ukuta, akaangalia dari, akaangalia kochi, akamalizia kwangu.

"Baba Neema, hapa tunaishi au tumehifadhiwa?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli swali lenyewe lilinichoma, kwa sababu ukitazama vizuri, vitu ndivyo vilivyokuwa vimekaa na sisi tukipita pembeni.

Usiku ule tulihesabu fedha kitandani. Kulikuwa na shilingi 350,000 ambazo hazikuwa na kazi nyingine mpaka ada ya mwezi wa saba. Mama Neema akataka tuanze na kochi jipya. Mimi nikasema tuanze kwa kutoa. Hilo naliamini mpaka leo, na nakusihi uliamini: kabla hujanunua hata kitambaa cha meza, toa kwanza kilichomo. Akakubali. Nilifurahi nikalala fofofo, maana nilisahau mke wangu ni mtoto wa nani.

Mama mkwe wangu anaishi Mkuyuni, kule milimani Morogoro, na mimi moyoni namwita Bibi Kitafaa. Mbele yake ni "shikamoo mama" na kuinamisha kichwa, kama inavyotakiwa. Lakini yule mama hajawahi kutupa kitu. Kopo lenye tundu, "kitafaa". Mfuniko usio na sufuria, "kitafaa tu". Nimewahi kumwona ananyoosha msumari uliopinda kwa jiwe, taratibu, kama anayemnyoosha mtoto mkono ulioteguka. Na binti yake kanyonya maneno hayo na maziwa.

Jumamosi ya kwanza tukatoa vitu vyote vya stoo uani. Nakutajia vichache tu. Mifuko ya rambo iliyokunjwa pembe tatu, imejaa ndoo nzima. Mifuko hiyo serikali iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Mama Neema alikuwa ameitunza kwa siri miaka yote hiyo. Makopo ya maziwa ya watoto, na mtoto wetu wa mwisho sasa yuko darasa la nne. Feni isiyo na panga. Deki ya video na mikanda yake, ukiwemo wa harusi yetu. Hotipoti tatu, mifuniko miwili. Na TV ya chogo, inchi 21, tuliyonunua mwaka tuliooana. Mwisho wa 2012 matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam, tulijinyima tukainunulia king'amuzi ili isife. Ikaishi miaka mingine mitano, mpaka siku picha ilipojikunja ikabaki mstari mmoja mweupe katikati ya kioo, sauti ikiendelea kusoma habari.

Chini ya vyote kulikuwa na sanduku la bati la kijani lenye kufuli. Hilo ni la Mjomba Nitapitia. Alilileta mwaka 2014 akielekea Mtwara, akalisimamisha barazani na kusema, "Wanangu, nitapitia Ijumaa." Ijumaa ipi, hakusema. Akipiga simu sikukuu anamaliza hivyo hivyo: na lile sanduku, nitapitia. Nikapendekeza tulihamishie kwa shemeji. Mama Neema akanitazama kama nimetukana kaburi. Mke wangu ni Mluguru, na kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, baba anafuata nyuma. Sanduku la mjomba halihamishwi na mkwe. Likarudi stoo likiwa la kwanza, limefutwa vumbi.

Kazi ya kuchagua ilichukua siku mbili, na ndipo tulipogombana. Yeye alishika kila kitu mara mbili. Hakushika ili atupe. Alishika na kukumbuka. Hili beseni Neema aliogea siku tuliyotoka naye hospitali. Hiki kitambaa nilikifuma nikiwa na mimba ya Baraka, tazama hapa nilikosea tundu. Nami mwenyewe, alipofungua boksi la magazeti yangu, nilisimama mlangoni. Ni magazeti ya Oktoba 1999, Mwalimu Nyerere alipofariki London. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikayanunua kwa nauli, nikatembea kwa miguu kwenda shule wiki nzima. Mama Neema hakusema yatupwe. Alisema tu, "Mende wameanza kuyala." Kweli walikuwa wameanza, pembezoni.

Tukapeana masharti kama nchi mbili. Yeye ataachia rambo, makopo na TV. Mimi nitaachia magazeti. Mkanda wa harusi unabaki, deki inaondoka. Tulikubaliana bila kutazamana.

Wa kuvipeleka alipatikana haraka mno. Mdogo wake mke wangu naye nimempa jina, Shemeji Niachieni Mimi. Bomba likivuja, niachieni mimi. Kuku akikataa kuatamia, niachieni mimi. Alikuja na guta la kukodi, akapakia mzigo wote, akasema anawajua watu wa vyuma chakavu Buguruni na wauza makaratasi. Jioni akarudi na shilingi 18,000 mkononi. Nikaona ni fedha ndogo lakini ni halali, tukaiongeza kwenye bajeti.

Wiki ya pili tukaingia sebuleni, na hapa nataka nikuambie kitu kimoja kwa msisitizo. Kabla ya rangi, tulibandua nyavu za mbu madirishani tukaziosha. Nilizilaza uani juu ya simenti, nikazisugua kwa brashi na sabuni ya unga, na maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya mkaa. Miaka 11 ya vumbi la barabara na moshi wa jikoni. Tulipozirudisha jua la saa nne likaingia mpaka kwenye miguu ya kabati, mahali ambapo sikuwahi kuliona jua. Mama Neema akasimama ndani ya ule mwanga, akashika kiuno. "Kumbe nyumba haina giza," akasema. Gharama yake ilikuwa pakiti moja ya sabuni.

Rangi sasa. Sebule yetu ni mita nne kwa tano, kimo karibu mita tatu. Lita moja ya rangi ya maji inapaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hiyo kwa mikono miwili lita 10 zinatosha, na nusu ya ndoo ya lita 20 inabaki kwa korido. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe na ilikuwa sahihi. Tulichagua krimu inayokaribia maziwa. Kilichotuponza ni fundi. Aliyepatikana mtaani alitaka 120,000 kwa sebule na korido, na Shemeji Niachieni Mimi alikuwa amekaa pale pale, anakunywa chai yangu. Unajua alichosema.

Ukuta wetu, kama nyumba nyingi za huku, ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni mpaka usawa wa bega, ili mikono ya watoto ifutike. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta mpaka uukwaruze ukuta kwa msasa, ung'aro wote utoke, ndipo uweke ya kushikia. Shemeji aliruka hatua hiyo. Alipiga mkono wa kwanza asubuhi, wa pili jioni, ukuta ukapendeza, tukampikia pilau. Siku ya tatu Baraka akaegemea kucheza na simu. Aliponyanyuka, rangi ikanyanyuka naye. Ilibanduka kipande kimoja kikubwa, laini kama ganda la yai lililochemshwa, kikaning'inia mgongoni kwake. Tukagusa pengine, nako kukafuata. Mama Neema hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kuvuta vipande polepole, kimoja kimoja, machozi yakimtoka, na mimi nikakaa pembeni yake nikavuta vya kwangu.

Tulikwaruza siku nne. Watoto wakitoka shule wanavua sare, wanachukua karatasi ya msasa, wanajiunga. Neema alifunga kanga kichwani, kope zake zilikuwa nyeupe kama za bibi kizee. Shemeji naye alikuja kila siku, akachukua upande mgumu wa nyuma ya mlango, vidole vikachubuka, na hakusema niachieni mimi hata mara moja. Siku hizo nne, kwa uchovu wake wote, ndizo watoto wanazozisimulia mpaka leo.

Mapazia nilimwachia mwenyewe. Alikwenda Karume saa kumi na mbili na nusu asubuhi, belo zinapofunguliwa, kwa sababu ukifika saa tatu unakuta yaliyokataliwa na wenzako. Alirudi na mapazia manne mazito, rangi ya kahawia, kwa 32,000, akayachemsha, akayaanika, akayashonea pindo upya kwa mkono. Mito ya kochi ikapata vitambaa vipya kwa fundi cherehani wa kona. Kochi lenyewe likabaki lile lile la Keko, na likakubali.

Tatizo likawa ukuta wa kaskazini, ambako chumvi inapanda kutoka chini na kufanya madoa hata upake nini. Mama Neema akasema tuweke kanga kwenye fremu. Nikaenda Keko, fundi mmoja akaniuzia vipande vya mkongo vilivyobaki kwenye kitanda, nikatengeneza fremu ya mita moja na nusu. Kazi ikabaki kuchagua kanga, na hiyo ilichukua jioni mbili. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Kwa pindo na mji tungemaliza kwa dakika kumi. Jina ndilo lililotutesa. Akina mama 18 watakaa wakitazama ukuta huo saa tatu nzima, na kila mmoja atasoma. Hii ya bluu inamsema jirani mwenye wivu. Mama Sharifa atajua ni yeye. Hii nyekundu inamsema mwenye deni, na kwenye kikoba nani hana deni? Hii ya kijani inamsema mke mwenza, haiwezekani kabisa. Alizifungua zote kitandani, doti baada ya doti, akizisoma kwa sauti na kutikisa kichwa. Mwisho tukapata moja aliyopewa na mama yake siku ya kumfunda, nyeupe na nyekundu, ina dua tu. Aliipiga pasi mara tatu.

Kikoba kilikuja, wakala vitumbua, wakasifu mapazia. Wanne walipiga picha ule ukuta wa kanga. Tulikuwa tumetumia 341,000. Sitaki kueleza zaidi. Mke wangu usiku ule alizima taa, halafu akaiwasha tena ili aangalie.

Mwezi wa kumi na mbili tukaenda Mkuyuni kumsalimia mama mkwe. Tulifika jioni, nikavua viatu mlangoni, nikainama, "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibuni." Nikainua macho.

TV ya chogo ilikuwa mezani, imefunikwa kile kitambaa chenye tundu lililokosewa, na juu yake picha ya harusi yetu. Makopo ya maziwa yalikuwa dirishani, yamepandwa mchaichai. Feni isiyo na panga imetundikiwa vikombe. Na ukutani, zimebandikwa kwa uji wa muhogo, zimenyooka bila hata kunyanzi, kurasa zangu za Oktoba 1999. Pembezoni palipoliwa na mende alikuwa ameziba kwa vipande vya karatasi nyeupe, kwa mkono usio na haraka.

Nikamgeukia Shemeji Niachieni Mimi. Alikuwa anakagua dari.

"Zile elfu kumi na nane?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Zangu, shemeji. Mama alishapiga simu."

Bibi Kitafaa alileta maji ya kunawa. "Niliwawekea tu," akasema. "Mkipata nafasi mje mchukue."

Nilisimama mbele ya ukuta ule nikasoma ukurasa mzima, na Baraka akasimama nami, akaniuliza huyu ni nani na kwa nini watu wanalia. Tukakaa pale mpaka taa ikawashwa.

Tulirudi Jumapili. Kwenye buti la basi kulikuwa na mkungu wa ndizi na mafenesi mawili. Magazeti nimeyaacha, yamepata mahali. Lakini kuanzia Morogoro mpaka Mbezi nilipakata deki ya video, imefungwa kwenye kanga, kwa sababu Mama Neema alikumbuka kwamba mkanda wa harusi tunao na cha kuuchezea hatuna.

"Utashika vizuri?" aliniuliza tulipopita Chalinze.

"Nimeshika."

"Itafaa," akasema, akaegemea bega langu akalala.