Masurufu ya Safari ya Unguja

Katika mambo ambayo moyo wa mzazi huyatamani na mfuko wake huyakataa, sijaona lililo gumu kuliko kuwapeleka watoto wadogo katika nchi nyingine kwa madhumuni mawili yasiyopikika chungu kimoja: kwamba watoto wapate elimu, na kwamba baba yao asipate hasara. Wako wazazi ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia wasiulize bei. Hao hupanda ndege na wana wao wakaenda kutazama theluji, na wakirudi watoto huwa wameelimika au hawakuelimika, lakini picha huwa nzuri. Sisi wengine, likizo ya Agosti ikikaribia, huketi na daftari na kalamu ya risasi tukatafuta nchi iliyo ya kigeni hata ihitaji pasi, na iliyo karibu hata ifikiwe kwa basi. Kwa mtu wa Mombasa nchi hiyo ipo, kwa rehema ya Mungu na kwa juhudi za wachora mipaka.

Hoja niliyompa mama watoto ilikuwa ya kihistoria. Nilimkumbusha kwamba ukanda huu wetu wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Unguja, kwamba tangu 1895 Waingereza waliuendesha kwa kumlipa malipo ya kila mwaka, na kwamba bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka 1963. Kwa hiyo kuwapeleka watoto Unguja ni kuwaonyesha makao makuu ya babu zao. Akanisikiliza kwa adabu hata mwisho, kisha akauliza nauli ni kiasi gani. Hapo ndipo nilipotambua tofauti kati ya zama hizo na zetu, maana babu yangu aliweza kuwa raiya wa mfalme aliye ng'ambo ya bahari bila ya karatasi yoyote mfukoni, ilhali wana wa mjukuu wake, akiwamo kitinda mimba aliyeacha kunyonya juzi, hawana budi kila mmoja awe na pasi yake, na kila pasi ina ada yake, na kila ada ina foleni yake. Juu ya pasi kukawa na kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano yake, alhamdulillahi, tangu 2016 hukubaliwa kuwa kinga ya maisha, nami nikaigawanya bei yake kwa miaka sitini ya uhai wa kila mtoto nikaona ni rahisi kupita kiasi. Mtoto wa kati, aliyechomwa mwanzo na kulia zaidi, hakuigawanya. Yeye alishika imani kwamba Unguja ni mahali watu huingizwa kwa kudungwa, na imani hiyo hakuiacha mpaka tulipofika na kuona hapana aliyemsubiri bandarini na sindano.

Mpakani Lunga Lunga mambo yalikwenda vyema mpaka ilipofunguliwa pasi ya kitinda mimba. Picha iliyomo ilipigwa angali hana unywele hata mmoja, naye sasa alikuwa na kichwa cha nywele tele na ghadhabu ya kuamshwa usingizini. Afisa akaitazama picha, akamtazama mtoto, akaitazama picha tena. Kifungua mimba, ambaye nilikwisha kumhusia kwamba safari ni elimu na kwamba aulize kila asilolijua, akauliza kwa sauti iliyofika hata kwenye basi: “Baba, kwani huyu si wetu?” Sitaeleza yaliyofuata, ila nitasema kwamba maafisa wa mipakani hawaajiriwi kwa sababu ya wepesi wao wa kucheka, na huyu alicheka.

Baada ya hapo tulibadilisha fedha. Shilingi moja yetu ilitoa karibu shilingi ishirini za Tanzania, nami nikapata fursa ya kutoa darasa langu la kwanza: kwamba hapo zamani nchi hizi zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, mpaka mwaka 1966 kila nchi ilipojitolea fedha zake. Wanafunzi wangu hawakuushughulikia mwaka 1966. Waliona baba yao ametoa fungu jembamba la noti akarudishiwa fungu nene, wakakata shauri kwamba tumetajirika, na tangu saa ile kila kilichopita mbele ya dirisha la basi, karanga, maji, miwani ya jua, kuku hai, kiliombwa kwa moyo mkunjufu wa watu wenye mamilioni.

Darasa la pili nililiandaa kwa ajili ya mashamba ya mkonge wa Tanga. Nilikuwa nimesoma kwamba mmea huo haukuwa wa nchi hii, bali uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na kwamba katika miche elfu aliyoagiza ni 62 tu iliyonusurika safari ya baharini, na katika hiyo 62 ndimo yalimozaliwa mashamba yasiyo na ukomo wa macho. Nikaisimulia hekaya hiyo kwa ufasaha niwezao, kwa kituo na kwa ishara za mikono, nikaja kugundua nilipogeuka kwamba watoto wote walikuwa wamelala, na mama yao pia. Aliyenisikiliza ni mzee mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye alisema kwa upole kwamba yeye aliukata mkonge huo tangu ujana wake, akanionyesha kovu la mwiba, akanieleza jinsi majani yanavyokatwa, kufungwa matita na kupelekwa kwenye mashine ya kukamua, hata ikawa elimu ya safari ile imempata mtu mmoja tu, naye ndiye aliyelipa nauli.

Watoto waliamka Muheza, kwenye machungwa. Machungwa ya Muheza ni matamu na ni rahisi, na mtu aliyekwisha kupanga makisio ya masurufu hawezi kukipita kitu kitamu kilicho rahisi. Nikanunua mfuko mzima. Laiti ningalipewa hesabu ya mara ambazo dereva aliombwa kusimama kati ya hapo na Chalinze ningaliiandika. Abiria walituombea dua, na si zote zilizokuwa za heri.

Ya chombo cha kuvukia kutoka Dar es Salaam sina mengi. Bahari ilichafuka, mtoto wa kati akachafukwa naye, na kilichokuwa karibu na mkono wangu cha kumkingia ni daftari la makisio.

Malazi ndiyo yaliyokuwa fahari ya mpango wangu wote, kwa kuwa hayakuwa na gharama. Binti ya shangazi yangu anakaa katika majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki baada ya Mapinduzi, naye alipopata habari za azma yetu alisema kwa simu, “Kaka, ukilala hotelini mimi na wewe basi.” Katika ukurasa wa malazi nikaandika sifuri, nikaipigia mstari. Mke wangu aliitazama sifuri ile kama mtu atazamaye chui aliyefungwa kwa uzi. Akaniuliza kama ninakusudia tuingie nyumba ya watu mikono mitupu, nikasema hasha. Kwa hiyo zikanunuliwa doti za kanga kwa mwenye nyumba, na kikoi kwa mumewe, na mabuyu na achari kwa watoto, ambao ni wengi, na doti nyingine kwa mama mkwe wake anayekaa ghorofa ya chini, na nyingine tena kwa jirani ambaye si jamaa lakini angevunjika moyo. Sanduku la hidaya likawa zito kuliko la nguo zetu, na mchukuzi wa bandarini akalitoza peke yake.

Asubuhi ya kwanza niliwapanga safu nikawapeleka kuona Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lililokuwa na taa za umeme na lifti wakati ambapo watu wengi wa pwani hawajakisikia kitu kama hicho. Ulimwengu wajua kwamba upande wa jumba hilo uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kwamba tangu hapo linatengenezwa. Kilichobaki kwa mtazamaji ni uzio, na nyuma ya uzio majukwaa ya mafundi. “Ajabu iko wapi?” akauliza kifungua mimba. Nikawasimulia tukiwa nje, kivulini, na wala sikuhuzunika sana, kwa sababu jumba lililofungwa halina kiingilio.

Mkunazini nilikusudia kusema mengi na nikasema machache. Pale palikuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa kuu, madhabahu yake ikasimama mahali ulipokuwa mti wa kuchapia. Nje yake mna shimo lenye sanamu za watu watano, na minyororo iliyo shingoni mwao ni ya kweli. Watoto hawakuuliza bei ya kitu chochote. Mtoto wa kati aliuliza swali moja tu, kwamba wale watu waliitwa nani, nami katika vitabu vyote nilivyovisoma sikuwa na jawabu.

Siku ya kwenda Changuu ilikuwa ya furaha kamili, na madhara yake yakachelewa. Katika kisiwa kile mna gereza lililojengwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na lisifungwe mfungwa hata mmoja, bali likatumiwa kuwatenga wasafiri wakati wa maradhi. Nami huona serikali iliyojenga gereza lisilo na wafungwa ni faraja kubwa kwa kila baba aliyepitiliza makisio. Watoto walitaka kobe. Wako kobe wakubwa, wa nasaba ya wanne walioletwa mwaka 1919 kuwa hidaya kutoka Shelisheli, na umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi juu ya gamba lake ili wageni wasisumbuke kuuliza. Jambo hili lilimpendeza mno kifungua mimba. Aliniuliza iwapo si vizuri wazee wote wangefanyiwa vivyo hivyo kwa ajili ya heshima, nami, nikiwa katika kupatana na mwenye mashua juu ya bei ya kurudi, nikajibu kwamba ni rai njema.

Ijumaa yake nilivaa kanzu yangu nyeupe nikaenda msikitini. Sijapata kupewa taadhima kama ile. Vijana walinipisha mlangoni, mtu mmoja akanishika mkono kunipandisha ngazi, na baada ya sala sharifu mmoja mwenye ndevu nyeupe akaniuliza siri ya afya yangu. Nilirudi nyumbani nikiwasifu watu wa Unguja kwa adabu zao mpaka mke wangu aliponitaka nigeuke. Mgongoni mwa kanzu, kwa wino wa aina isiyotoka, na kwa mwandiko ambao mwalimu wake shuleni huusifu, mlikuwa mmeandikwa 92.

Na bado, kwa watoto, hayo yote yalizidiwa na kunguru. Kunguru wa Kihindi aliletwa Unguja zamani za ukoloni ili asafishe taka za mji, na amekwisha kujitanulia kazi; mmoja wao alishuka barazani akaipokonya sambusa mkononi mwa kitinda mimba, akaila mbele yake juu ya ukuta bila ya haraka.

Tuliporudi Mombasa mama watoto alilitaka daftari, lililokwisha kukauka, akaanza kujumlisha. Nikamwomba asichanganye milango ya hesabu. Zawadi za Michenzani si gharama ya safari, ni kuunga udugu, ambako dini imetuamrisha. Chakula tungalikula hata tungalikaa nyumbani. Machungwa ni dawa. Na kanzu, ambayo imenunuliwa nyingine, huingia katika vifaa vya shule. Kwa njia hiyo safari nzima ilitoka chini ya makisio, na nilikuwa nimeanza kumweleza habari za magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo nimeyawekea ukurasa mpya, simu ilipolia.

Alikuwa binti ya shangazi. Watoto wake, akasema, tangu tuondoke hawana jingine ila safari. Naye na mumewe wamepiga hesabu, wakaona hakuna mahali pa nafuu na pa mafunzo kama Mombasa, kuna Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kuna reli, kuna jamaa, na malazi yake ni sifuri. Watakuja Desemba wote, na mama mkwe, na yule jirani, ambaye angevunjika moyo.